Ndege Anayekama Mti

Mpendwa Ayeeyo, bibi yangu,

Assalamu alaykum kutoka Garissa, ambako jua limekasirika kama kawaida na mjukuu wako anazidi kupendeza kama kawaida. Anayekusomea barua hii huko Diff ni binamu yangu Hodan, na ninamwonya mapema: Hodan, usiruke mstari hata mmoja, hasa mistari inayonisifu. Sauti ni yako, sifa ni zangu.

Ninakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kisomali nakiongea vizuri kuliko redio, lakini nikikiandika kinakuwa nyayo za kuku. Kiswahili nilisomeshwa mpaka kidato cha pili, nikaona kimenitosha, nikawaachia wengine madawati. Na wewe uliuza maziwa sokoni miaka mingi, ukibishana kwa Kiswahili na wateja wa kila kabila na ukiwashinda wote, kwa hiyo tutaelewana.

Nakala ya pili nimeibandika kwenye mlango wa karakana ya Adeer Hirsi, jirani yetu, fundi wa mikokoteni ya punda. Usishtuke. Ule uongo wangu niliusema mbele ya watu, na wapo katika bulla yetu, mtaa wetu huu, waliofikiwa na uongo huo wakaenda zao kabla ya ukweli kufika. Mpaka leo wananitazama kwa jicho moja. Basi waje wasome, yeyote anayepita na punda wake asome. Wakimaliza, waone pia mwandiko wangu ulivyonyooka.

Sasa habari kubwa, kabla sijapasuka: amerudi! Yule ndege wetu amerudi kwenye mgunga ule ule kando ya mto, penye panda ile ile, na kiota chake kimeongezwa vijiti vipya. Nimemwona leo asubuhi, mara yangu ya kwanza kwenda mtoni tangu uondoke. Nilitaka kukimbia nyumbani nikuambie, nikafika mpaka mlangoni pa chumba chako, nikakuta mkeka umekunjwa. Ndiyo nikakumbuka uko Diff kwa Abti Shire, mjomba wangu, na ngamia zake. Nikasimama pale kama mtu aliyebeba maji na hana mtungi.

Unakumbuka tulivyoanza kazi yetu? Ukungu uliingia machoni mwako polepole, kwanza jicho la kushoto, halafu la kulia likaona wivu. Siku moja ukampa mteja bakuli la mtu mwingine, ukavua heshima yako ya sokoni ukarudi nyumbani na kusema umeacha. Wakati huo mimi nami nilikuwa nimeacha shule. Hooyo, mama yangu, alitutazama, mmoja kwenye mkeka, mwingine kwenye kizingiti, akasema, "Wawili wasio na kazi. Kaeni pamoja, angalau mtakula kwa wakati mmoja."

Ndivyo nilivyopata ajira ya kuwa macho yako. Na nilikuwa hodari, usikatae. Asubuhi ulikaa kwenye kigoda chako nje ya mlango, ukauliza, "Nani huyo anapita?"

"Mke wa Adeer Hirsi. Amevaa buibui mpya."

"Mpya au imefuliwa?"

Nikatazama tena. "Imefuliwa."

"Basi sema imefuliwa. Mimi nimekuazima kuona, sijakuazima kutunga."

Kumbe ulikuwa unanifundisha tangu siku ile, na mimi nilidhani unapenda tu kunisumbua. Lakini Ayeeyo, kuna siku moja sikuweza kujizuia. Uliniuliza, "Na wewe mwenyewe sasa uko vipi? Mara ya mwisho kukuona sawasawa ulikuwa na miaka kumi na mbili na kamasi." Nikakuambia mimi ni mrefu, kifua kipana, ndevu zimejaa, wasichana wa bulla wanajigonga kwenye milango kwa kunigeukia. Ukasema, "Maashallah. Na masikio?" Nikasema masikio ni ya kawaida. Ukacheka mpaka ukashika ubavu. Nilijiuliza wiki nzima umecheka nini.

Halafu wakaja kuku wa Adeer Hirsi.

Wewe na kuku, Ayeeyo! Wewe uliyezaliwa nyuma ya ngamia uliwachukulia kuku kama tusi. "Hapelekwi malishoni, hanyweshwi kisimani, hana chapa, hana jina, anaokotaokota kutwa kama mtu aliyepoteza sindano. Hiyo nayo mifugo?" Adeer alikuwa anakusikia kabisa kutoka upande wa pili wa ua na alikuwa anajifanya anapigilia msumari. Lakini kuku wake walitaga, na vifaranga wakatoka, kumi na wawili, wa manjano kama uji wa mahindi. Nikakueleza walivyo. Kesho yake ukaniuliza wanaendeleaje. Keshokutwa ukauliza tena. Nikakucheka, ukanitupia kiatu ukanikosa, ukasema ni kwa sababu ya macho.

Vifaranga wakaanza kupungua. Kumi na wawili wakawa tisa, tisa wakawa saba. Bulla nzima ikasema ni mwewe, maana hapa kwetu ndege yeyote mwenye kucha anaitwa mwewe, awe mkubwa awe mdogo, na kesi inaishia hapo. Adeer alitaka kujua ni yupi hasa. Akaja kwako.

Alikuja kwako kwa sababu ya baadi. Nawaeleza wanaosoma mlangoni ambao hawajalelewa nyuma ya mifugo: baadi ni mnyama aliyepotea. Mtu akipoteza ngamia anatembea kambi hadi kambi, anafika kwa watu asiowajua, anapewa maziwa, halafu anaulizwa: mwendo wake vipi? Chapa yake iko wapi? Masikio je? Hutembea na nani? Na yule aliyemwona ngamia anaulizwa hivyo hivyo. Wewe ulipokuwa msichana walikuwa wanakutafuta wewe, kwa sababu mtu akieleza maneno manne tu ulishajua ni ngamia wa nani na mama yake alikuwa nani. Ndiyo Adeer akasema, "Ayeeyo, nimepotelewa na vifaranga, na aliyewachukua ana mabawa. Nitafutie."

Ukacheka. Lakini niliona umekaa wima. Ulikuwa hujaulizwa baadi miaka mingi.

Ukanituma juu ya tangi la maji. "Kaa pale toka asubuhi mpaka adhuhuri. Akija, mtazame kama unayemdai. Usitazame kitu kingine." Nikapanda na kofia yangu, chupa yangu ya maji, na, nitubu hapa hapa, simu yangu. Kulikuwa na mabao ya ligi ya Ulaya sijayaona. Bao la tatu lilikuwa tamu sana, nililirudia. Nikiwa kwenye bao hilo, kuku walipiga kelele kama moto umewaka. Nilipoinua kichwa niliona bawa la kijivu likipotea na unyoya mmoja ukishuka taratibu, hauna haraka yoyote. Basi. Hicho ndicho nilichoona. Ungekipima kisingejaa hata nusu kijiko.

Lakini baadaye kidogo nikatazama mtoni, nikaona juu ya mgunga ndege mkubwa wa kijivu ametulia na kiota chake. Nikasema, kijivu na kijivu, kesi imekwisha. Nikashuka kifua mbele.

Alasiri mlikuwa mmekaa nje, wewe, Adeer Hirsi na majirani watatu, chai ikiwa na maziwa ya ngamia na tangawizi kali. Ukaniita mbele yao kama shahidi. Ayeeyo, hujui utamu wa kuitwa mbele ya watu wazima ukiwa umeacha shule kidato cha pili. Nilihisi nimekuwa mrefu kama mlingoti wa simu.

"Umemwona?"

"Nimemwona. Ni yule wa kijivu, mwenye kiota kwenye mgunga."

"Sikukuuliza rangi wala makazi. Umemwona akishika kifaranga?"

Hapo ndipo njia zilipogawanyika. Ningesema niliona bawa tu. Lakini majirani watatu walikuwa wameshika vikombe hewani wakinisubiri mimi.

"Nimemwona."

"Kwa macho yako?"

"Wallahi, kwa macho haya."

Ukanyamaza. Nilidhani umeridhika. Sasa najua: mtu akishaapa, wewe humuulizi tena, ndivyo ulivyolelewa. Adeer akaweka kikombe chini. "Basi kesho asubuhi naleta shoka na mkokoteni. Mgunga unaanguka, kiota kinaanguka, na kuni napata." Mmoja wa majirani akanipiga begani akaniita profesa. Na mimi, mpumbavu wa Mungu, nikatabasamu.

Walipoondoka ukanishika mkono ukaniketisha. Hukunikaripia. Afadhali ungenikaripia. Ukanisimulia kuhusu baba yako, habari ambayo hata Hooyo alikuwa hajawahi kuisikia. Kwamba alipotelewa na ngamia jike mwenye mimba wakati wa jilaal, kiangazi kile kikali, akakuta kijana kisimani akamuuliza. Yule kijana alisema, wallahi nimemwona, ameelekea upande jua linakozama. Baba yako akafuata. Siku tatu. Maji yakaisha. Watu wa msafara walimkuta chini ya kichaka, wakamrudisha amebebwa, ulimi umekauka hauwezi kusema jina lako. Ngamia alikuwa mashariki muda wote, nusu siku tu kutoka nyumbani.

"Yule kijana alikuwa na kisa gani na baba yako?" nikauliza.

"Hakuwa na kisa chochote. Alitaka tu kuonekana anajua."

Nilitazama vidole vyangu. Ukasema, "Nenda mtoni kesho mapema, kabla ya Hirsi. Uniletee mwendo wake. Rangi usiniletee. Jilaal ikikaza, ngamia wote wana rangi ya vumbi."

Sasa Hodan, hapa soma polepole, maana hapa ndipo mimi ninaanza kuwa hodari.

Nilifika mgungani jua likiwa bado la kupapasa tu. Simu niliiacha nyumbani. Mara ya kwanza katika maisha yangu nilikaa nikatazama kitu kimoja bila kukisemea. Yule ndege alikuwa ukingoni mwa kiota. Nikafanya kama ulivyonifundisha, nikaanza na umbo: mkubwa kuliko kunguru, mdogo kuliko tai. Kichwa chake kidogo, kama amevishwa kichwa cha njiwa kwa makosa. Miguu mirefu ya manjano. Usoni hana manyoya, ni ngozi tupu ya manjano, kama mzee aliyejipaka manjano asafishe uso. Nikasema, huyu wa jana kweli? Sikujua, maana jana sikuona kitu.

Akaruka. Mabawa mapana, mazito, ncha zake nyeusi, hana haraka, anaelea kama shuka iliyochukuliwa na upepo. Mkia mweusi, na katikati ya mkia mstari mmoja mweupe, mmoja tu. Nikapiga kelele peke yangu: chapa! Ana chapa!

Akatua kwenye mti mwingine, ule uliojaa viota vya wafumaji, wale ndege wadogo wa manjano wanaoning'iniza nyumba zao kama vibuyu. Ayeeyo, alichofanya pale sikuwahi kukiona kwa ndege. Alikumbatia shina. Akapanda kama mtoto anayeiba maembe, mabawa yakimsaidia. Akafika kwenye tundu la mti, akasimama kwa mguu mmoja, mguu mwingine akauingiza ndani ya tundu mpaka kwenye paja, na goti lake likakunjika kwenda NYUMA. Nyuma, wallahi, na hii wallahi ni halali. Akapapasa humo ndani kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Uso wake ule wa manjano ukaanza kuiva, ukawa mwekundu kama wa bi harusi. Akatoa mjusi.

Sisemi kwamba ni malaika. Baada ya mjusi alikwenda kwenye viota vya wafumaji, na huko nilisikia kilio cha makinda. Huyu naye ni mwizi. Lakini ni mwizi wa matundu, mwenye subira, anayebisha hodi kwanza.

Na akiwa bado ananing'inia pale, mbele ya macho yangu haya mawili, kuku wa Adeer Hirsi wakapiga kelele kule nyuma yangu.

Niligeuka. Kutoka kwenye nguzo ya umeme upande wa barabara alikuwa ameshuka mwingine. Naye wa kijivu! Lakini huyu mwembamba, kifua mbele, miguu myekundu, tumbo lenye mistari myembamba kama shati la afisa, na alipoinuka na kifaranga niliona kiuno chake cheupe. Alipita chini chini kando ya ua, mbio, kama kijana wa bodaboda aliyeona askari. Akatua kwenye nguzo ya mbele akasimama wima kama yuko kwenye gwaride, kifaranga mguuni. Nikageuka tena mtoni. Yule wetu alikuwa bado amepachika mguu kwenye kiota. Kijivu wawili, mwizi mmoja, na mimi nilikuwa nimemwapia asiye yeye.

Moyo uliniangukia mpaka kwenye ndala. Maana nilisikia gurudumu la mkokoteni.

Adeer Hirsi alikuwa anakuja na punda wake na shoka begani, anapiga mluzi. Nikasimama mbele ya mgunga. Nilijaribu kwanza njia yangu ya kawaida.

"Adeer, nimefikiria. Mti huu una miiba mingi, utaharibu mkokoteni."

"Waryaa, we kijana, mimi ndiye fundi wa mikokoteni. Ondoka."

"Halafu ndege huyu nimesikia ana baraka."

"Jana alikuwa mwizi."

"Watu hubadilika, Adeer."

Akainua shoka. Nikaukumbatia mgunga, na mgunga si mti wa kukumbatiwa, mpaka leo nina alama mbili kifuani. Nikasema maneno ambayo nilikuwa sijawahi kuyasema kwa mtu mzima yeyote: "Nilidanganya. Sikumwona. Nilikuwa natazama mpira."

Aliteremsha shoka polepole. "Uliapa."

"Niliapa."

"Mbele ya watu."

"Mbele ya watu."

Hakunipiga. Alinishika sikio, lile la kawaida, akanifungisha safari ya kurudi mpaka kwako, punda nyuma yetu, na kila mlango tuliopita ulifunguka. Majirani wale watatu wakaja bila kuitwa. Ulikuwa umekaa kwenye kigoda chako kana kwamba ulikuwa umetutengea saa.

"Ayeeyo, shahidi wako amevunjika," Adeer akasema.

"Basi tumuunge," ukasema. "Waryaa, simama pale. Mwendo wake?"

Nikajibu, na mara hii sikuongeza hata chumvi. Anaelea, mabawa mazito, hana haraka. "Chapa?" Mstari mmoja mweupe kwenye mkia mweusi. "Hutembea na nani?" Peke yake, na wafumaji wakimzomea. Ulikuwa unatikisa kichwa, bado hujampata. Halafu ukauliza swali ambalo hakuna mwalimu angeniuliza: "Akila, anasimamaje?"

Nilitafuta neno nikalikosa, kwa hiyo nikasimama kwa mguu mmoja mbele ya watu wote, nikaukunja mwingine. "Hivi, Ayeeyo. Kama Abti Shire anavyosimama akikama ngamia. Mguu mmoja chini, mwingine umekunjwa, ila goti la huyu linakwenda nyuma. Anakama mti."

Uso wako! Laiti ungeuona uso wako. Ulipiga makofi mara moja ukasema, "Huyo namjua!" Ukasema ulimwona ukiwa msichana, kwenye miti mikubwa ya kando ya lagha, ule mto wa msimu, na wavulana wachunga ngamia walikuwa wakimwigiza wakati wa kukama mpaka maziwa yanamwagika na wanachapwa. Ukasema huyo hana mguu wa kukimbiza kuku wala hana moyo wa kushuka uwanjani penye watu. Ukamgeukia Adeer: "Mkamaji si mwizi wako, Hirsi. Makinda ya wafumaji ni kesi yao wenyewe. Wako ni yule wa nguzo ya umeme. Jana kuku walilia upande wa barabara, huyu akaniambia mtoni. Nikajua kuna kitu."

Ulikuwa umejua! Tangu jana. Ukaniacha nilale na uongo wangu na niamke nao na niende nao mpaka kwenye miiba. Nilikasirika kidogo, kisha nikaona kwamba kama ungenisahihisha wewe, leo ningekuwa bado profesa wa uongo.

Hukumu mliitoa wewe na Adeer kwa pamoja, mkipokezana, mkifurahia wazi kabisa. Kwa sababu sikuwa na uwezo wa kulisha maskini kumi, nifunge siku tatu kwa kafara ya kiapo. Na siku hizo tatu niwajengee vifaranga paa. Ayeeyo, kufunga Garissa, juani, huku nakata matawi ya miiba na kushona chandarua kikuukuu, na Adeer Hirsi amekaa kivulini anakunywa chai kwa sauti! Kila akimeza alisema, "Aaah." Kwa makusudi. Na yule mwenye miguu myekundu alikuja siku ya pili, akasimama kwenye nguzo yake, akalitazama paa langu, akanitazama mimi, akaondoka. Sikuwahi kusifiwa vile na mtu yeyote. Hakuna kifaranga mwingine aliyechukuliwa. Mmoja alianguka kwenye ndoo mwenyewe, huyo simhesabu.

Toka siku ile kila asubuhi nilikwenda mtoni nikarudi kwako na habari za Mkamaji, na ulinikagua kila neno. Nikaanza kuwaona wengine pia. Nilipokuwa najiita mjuzi nilikuwa najua ndege wanne: korongo wa jaa la taka, kunguru, njiwa na kuku. Sasa nina zaidi ya arobaini, wote nimewaleta mkekani kwako kwa mwendo, chapa, na namna wanavyosimama. Kabla Mkamaji hajahama, alipita kijana wa chuo, amevaa darubini na kubeba kitabu kinene, akamnyooshea kidole Mkamaji akasema ni mwewe. Nikamuuliza, "Anakula amesimamaje?" Alinitazama kama nimemtukana mama yake. Tukakaa mpaka ndege akatia mguu tundu. Yule kijana akafungua kitabu, akapata picha: kijivu, uso mtupu, mstari mmoja wa mkia, yuko pale pale, hata goti limeandikwa! Kilikuwa na jina refu la Kiingereza. Nimelisahau makusudi. Sisi tuna letu.

Na sasa, Ayeeyo, sababu ya kweli ya barua hii.

Hodan alinitumia sauti juzi. Alisema mmerudi kutoka kwa madaktari wa macho Wajir, bandeji imefunguliwa, na kitu cha kwanza ulichosema ni, "Hodan, una chunusi." Nilicheka, nikamchezeshea Hooyo, akalia, nikamchezeshea Adeer Hirsi, akaenda nyuma ya karakana kuangalia gurudumu ambalo halikuwepo. Alhamdulillahi mara elfu. Nimeirudia sauti ile kuliko bao lolote.

Halafu, nitakuambia kwa sababu umenizoeza vibaya, nilikaa kwenye kigoda chako nikahisi kama mtu aliyefutwa kazi. Siku nzima. Nilikuwa nafikiri, sasa akija ataona buibui mwenyewe, atajua kama ni mpya au imefuliwa, mimi nitamletea nini? Nikakaa hivyo mpaka leo asubuhi nilipomwona Mkamaji amerudi, na nikashangaa kwamba jambo la kwanza nililotaka halikuwa kukueleza. Nilitaka uwe umesimama pale kando yangu, ukimtazama, umenyamaza, na mimi nimenyamaza, na hiyo kwangu si rahisi.

Kwa hiyo njoo. Hodan anasema mtapanda lori la Abti likileta mbuzi kabla ya mwezi kuandama. Njoo. Kuna mambo mawili ya kukutayarisha. La kwanza, usinicheke kwenye kituo cha lori, watu watakuwepo. Mimi si mrefu sana. Ndevu ziko saba. Wasichana wanapita salama kabisa. Na masikio, Ayeeyo, nadhani ulishayajua, maana uliyashika mara nyingi.

La pili ni hili. Kwenye kiota kuna kinda. Nimekwea mti wa jirani nikaliona vizuri sana, kwa muda mrefu, bila simu. Adeer Hirsi anasema haliwezi kuwa la Mkamaji kwa jinsi lilivyo, na tumebishana mpaka punda akaondoka. Ninajua rangi yake, ninajua mwendo wake, ninajua linavyonyoosha shingo mama akifika. Maneno yamenijaa mdomoni.

Lakini siandiki hata moja. Hilo nimekuwekea wewe ulione.

Mimi mjukuu wako, macho yako ya zamani, nitakayekushika mkono mpaka mgungani kisha nikae kimya.